Sekunde Moja na Nusu za Verna Tackett

Nyumba ya Verna Tackett ina milango miwili, madirisha tisa na kufuli kumi na nne, na hapo sijahesabu komeo la banda la kuku. Hesabu hiyo kanipa mwenyewe, tena bila kuulizwa. Kwa mwaka mmoja na miezi minane alikuwa akitoka humo mara moja tu kwa wiki, Jumamosi asubuhi, kwenda kupiga risasi. Kanisani hakwenda, dukani hakwenda, saluni ndiyo kabisa. Nywele alikatwa na mumewe, Gaylon, kwa mkasi wa kupunguzia manyoya ya mbwa, na zilionekana hivyo hivyo.

Msimcheke. Mimi nilimcheka, na sasa naona haya.

Huyu ni mwanamke aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la vyakula vya mifugo hapa Bessler, Oklahoma, miaka ishirini na sita. Alikuwa akilibeba gunia la chakula cha farasi begani huku anabishana na wafugaji wanaume, na alikuwa anawashinda. Kicheko chake ungekisikia ukiwa bado unaegesha gari. Ukimkopa msumari leo, kesho anakuuliza mbele za watu umeula na chai?

Halafu ikaja Jumanne moja, baada ya chakula cha mchana, duka halina mtu. Akaingia kijana mwenye kofia ya kijani, bastola mkononi. Akamlaza Verna kifudifudi katikati ya magunia na kumwekea mtutu kisogoni. Alichukua vilivyokuwa kwenye droo, na laiti angeishia hapo. Hakuishia. Alifungua mkoba wa Verna, akatoa leseni yake ya udereva, akasoma anwani kwa sauti, polepole. "Barabara ya Cutler, namba mia nne na kumi," akasema. "Vizuri. Kwenu nimeshapajua." Akaondoka na leseni mfukoni. Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda zao, na kijana hajaonekana mpaka leo.

Ndipo Verna akanunua bastola na kwenda kwa Dub Raybourn.

Dub alikuwa askari wa wilaya, akastaafu, na nyuma ya mazizi yake kuna shimo la zamani la kokoto ambalo amelifanya uwanja wa shabaha. Jumamosi watu hufika na viti vyao vya kukunja na chupa za kahawa, kuna mama mmoja huleta keki ya mdalasini, na ukiondoa milio ungedhani ni pikiniki ya kanisa. Kwetu bastola mkobani si ajabu, inakaa na funguo na peremende. Cha ajabu kwa Dub ni saa. Ana kisanduku kidogo anachokitundika mkandani. Kinalia piii ghafla, bila kukuonya, halafu kinasikiliza risasi zako na kukuonyesha umetumia sekunde ngapi, mpaka sehemu ya mia ya sekunde.

"Bi Verna, unajisikiaje leo?" Dub humuuliza kila mtu hivyo.

"Najisikia vizuri, Dub."

"Sikuamini. Ngoja tuiulize saa."

Siku ya kwanza saa ilisema sekunde nne na ushei, na risasi ilipita mbali na karatasi. Dub akavua kofia. "Umeua mchanga, Bi Verna. Mchanga huo hautakusumbua tena." Watu wakaangua kicheko, na Verna naye akacheka, mara ya kwanza tangu ile Jumanne.

Siku hiyo hiyo Dub alimwita Gaylon kutoka kwenye pikapu, alikokuwa akisoma gazeti lake kwa amani. Akamsimamisha hatua saba kutoka kwa mkewe, akamwambia alikunje hilo gazeti na, akisikia mlio, akimbie amguse nalo. Piii! Gaylon akatimka. Mkono wa Verna ulikuwa bado unahangaika na shati lililofunika bastola wakati gazeti lilipomgusa kifuani.

"Sekunde moja na nusu," Dub akasoma. "Na huyu ana goti bovu!"

Basi hiyo moja na nusu ikamwingia Verna na haikutoka tena. Kupandisha shati, kuichomoa bastola kwenye ala, kuinyanyua, kupiga na kupata sahani ya chuma iliyo hatua saba: ndani ya sekunde moja na nusu. Akifika hapo, alisema, atakuwa mtu tena.

Dub alimfundisha jicho likae kwenye kile kinundu cha mbele ya mtutu. "Kinundu ukione safi," alisema. "Aliye mbele yako mwache awe ukungu." Akamfundisha pia mazoezi makavu, yale ya nyumbani bila risasi. Unaitoa magazini, kile kisanduku cha risasi kwenye mpini, unachungulia chemba isije ikawa imebaki risasi moja, zote unazipeleka chumba kingine, ndipo unachomoa na kufyatua patupu, mara hamsini, mia. Ukimaliza unajaza, na unasema kwa sauti: "Mazoezi yamekwisha. Hii ina risasi." Mara tatu. Unasema kwa sababu mkono una tamaa, unataka mara moja zaidi baada ya kujaza. Watu wa pale nusu yao wana tundu mahali fulani nyumbani kwa ajili ya hiyo mara moja zaidi. Mmoja aliua televisheni. Dub mwenyewe ana tundu kwenye mlango wa bafu, kalifunika na kalenda.

Mpaka hapo sina ugomvi naye. Lakini kuna neno moja alilisema, nami sijamsamehe. Alisema, "Saa yangu huna nyumbani, kwa hiyo mlio wowote ndani ya nyumba uwe mlio wako."

Verna akalishika. Alibandika karata ya kuchezea, jike la kopa, kwenye mlango wa friji jikoni, hatua saba kutoka kwenye sinki. Akachemsha vikombe vya maji matupu kwenye maikrowevu, kimoja baada ya kingine, apate tu ule mlio wa mwisho. Mashine ya kukaushia nguo ikilia, anachomoa. Makochi aliyasogeza yote mpaka kila kiti kikawa hatua saba au zaidi kutoka mlangoni, na Gaylon akawa anatazama mpira kwa shingo ya upande. Isitoshe, ilimbidi mwenye nyumba ajitangaze kabla ya kuingia chumba chochote. "Ni mimi Gaylon!" anapiga kelele ukumbini kama muuza samaki. "Ni mimi tena! Naenda chooni!" Alikuwa akifanya mzaha, maskini. Lakini nilimwona siku moja nje, ameegemea pikapu, ametulia kwa muda mrefu kama mtu asiye na hamu ya kurudi ndani.

Sekunde zilishuka. Tatu. Mbili na nusu. Moja nukta tisa, na hapo zikaganda miezi minne.

Mwanzoni mwa miezi hiyo minne binti yao wa pekee, Shelby, anayekaa Tulsa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, alijifungua. Mtoto wa kike, Maisie. Mjukuu wa kwanza. Gaylon alikwenda hospitali peke yake na kurudi na picha kwenye simu, na Verna akazitazama mpaka simu ikazima. Shelby alikuwa na sharti moja tu: bastola isiwe chumba kimoja na mtoto. Na Verna hakuweza kutoka bila bastola. Alijaribu. Aliiweka ndani ya kabati la chuma, akashuka ngazi za baraza, akafika kwenye sanduku la barua barabarani, akarudi anahema.

"Nikifika moja na nusu," alimwambia Shelby kwenye simu, "nitaifungia kabatini, nije nimbebe siku nzima. Nakuapia."

"Mama, hiyo ina uhusiano gani na mtoto?"

"Nikishajua naweza, sitaogopa."

Mnielewe basi kilichokuwa hatarini. Si tuzo, si sifa za uwanjani. Ni mtoto wa miezi minne ambaye bibi yake hajamgusa.

Jumamosi moja ya Oktoba, kwenye upepo, saa ya Dub ikalia piii, na chuma kikaitikia ngaa! kabla Verna hajajua amefanya nini. Dub akasoma, akasoma tena. "Moja nukta nne saba."

Uwanja mzima ulipiga makofi. Mama wa keki alilia. Dub akambandikia begani nembo ya kitambaa anayowapa wachache, akamwinamia. "Bi Verna, huyo kijana namwonea huruma."

Verna alipanda pikapu na kumpigia Shelby hapo hapo. "Nimefika! Moja nukta nne saba!"

"Hongera, Mama! Hongera sana!" Shelby alikuwa anacheka na kulia. "Basi njoo kesho. Nitapika bamia zako."

Verna alifungua mdomo aseme ndiyo. Barabarani lilipita gari, na aliyeendesha alikuwa amevaa kofia. Kofia tu, nyekundu, ya timu ya mpira. Ule mkono wa kulia ukashuka kiunoni wenyewe.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Ila... Dub anasema kuna na ile ya kuchomoa ukiwa umekaa kitini. Hiyo bado, mwanangu. Nikishaipata hiyo..."

Gaylon alizima injini.

"Hapana," Shelby akasema. "Sikubali. Ni mimi nitakuja. Kesho saa sita, na Maisie. Na hicho kitu kiwe kabatini kimefungwa kabla sijapiga hodi. Niahidi."

"Nakuahidi."

Jumapili saa tano asubuhi Verna aliifungia bastola kabatini, Gaylon shahidi. Karata ya jike la kopa aliibandua akaitupa. Akaoka mkate wa mahindi, akavaa shati jipya la flana, kubwa, la bluu. Gaylon akabusu nywele zake zilizokatwa upogo, akatoka nyuma kwenda kugeuza mbavu za nguruwe kwenye pipa la moshi, anaimba.

Saa tano na nusu mikono ilianza kumtetemeka. Akakaa, akasimama, akahakikisha kufuli, akaanza upya kuhakikisha kufuli. Akajiambia: mara kumi tu, mikono itulie. Akalifungua kabati. Alifuata sheria zote, wala sitamsingizia: risasi alizipeleka chumbani, chemba akaichungulia, akachomoa patupu mara kumi, na kweli mikono ilitulia. Akajaza. Akasema mara tatu, kwa sauti, peke yake ukumbini: "Mazoezi yamekwisha. Hii ina risasi."

Hapo akasikia gari. Kabati lilikuwa hatua nne tu. Lakini vipi kama si Shelby? Akaisokomeza kwenye ala kiunoni na kuteremsha shati juu yake. Dakika mbili tu, alisema moyoni, mpaka nione uso.

Uso ulikuwa wa Shelby, blauzi ya waridi, mfuko wa nepi begani, na kwenye kikapu chake Maisie, amekasirika, mwekundu, anabweka njaa yake kwa dunia nzima. "Anataka chupa, Mama, ngoja anywe kwanza ndipo umbebe, sasa hivi atakung'oa sikio!" Verna alicheka. Kile kicheko cha zamani. Gaylon alikisikia kule kwenye moshi, aliniambia, akaweka koleo chini.

"Umefanana na bibi yako wewe," Verna akamwambia mtoto, "masikini ya Mungu."

Shelby akamtoa kwenye kikapu, akamweka begani, akaitia chupa ndani ya kikombe cha maji na kikombe ndani ya maikrowevu, akabonyeza. Halafu akageuka, mgongo kwenye friji. "Imo kabatini?"

"Imo."

Kwa nini alisema imo? Nimemuuliza. Alisema alikuwa anataka kumbeba. Kama angesema haimo, wangeondoka. Alipanga kwenda kunawa mikono, apitie ukumbini, aiweke, arudi, na uongo uwe kweli. Akaenda kwenye sinki. Akafungua maji.

Piii.

Verna hakuamua kitu. Mkono wa kushoto ulipandisha shati, wa kulia ukashuka, akawa amegeuka, akawa anakitazama kinundu cha mbele. Kilikuwa safi, kimesimama wima, hakitikisiki hata chembe. Nyuma yake kulikuwa na ukungu wa waridi. Kidole kilikuwa kimeshavuta ulegevu wote wa kifyatulio, kimebakiza kile kipande kigumu cha mwisho. Ukungu ukasema, "Mama."

Na Mungu amsamehe, maana haya alinieleza mwenyewe huku machozi yanamchuruzika: kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni kwamba hii ilikuwa kasi kuliko ya jana.

Shelby hakupiga yowe. Aligeuka polepole sana, akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, akauelekeza mgongo wake kwa mama yake na uso kwenye friji, akajikunja. "Tafadhali usituumize," akasema, kwa sauti ya adabu ambayo mtu hamwambii mama yake, anamwambia mgeni mwenye silaha.

Verna aliitoa magazini. Akaivuta chemba, na ile risasi moja ikaruka, ikagonga sakafu, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Shelby. Shelby akaitazama.

"Ulisema imo."

"Nilikuwa naenda kuiweka, Shelby, nilikuwa naenda sasa hi..."

"Ulisema imo!"

"Mwanangu, mpe baba yako mtoto tuzungumze, mimi..."

"Usisogee. Mama, nakuomba usisogee."

Akachukua kikapu, mfuko wa nepi akausahau, akapita mlango wa mbele. Chupa ilibaki kwenye maikrowevu. Verna alimfuata mikono mitupu, ngazi za baraza, majani, mpaka kwenye gari, na milango ikajifunga tka! mbele yake. Maisie alikuwa analia nyuma ya kioo, mguu mmoja hauna soksi. Shelby akateremsha kioo upana wa vidole viwili.

"Iondoke, Mama. Siyo kabatini. Iondoke nyumbani. Ikishaondoka, nipigie, nitageuza gari hata kama nimefika Tulsa. Nasema kweli, nitageuza. Lakini isipoondoka, huyu humjui."

"Leo," Verna akasema. "Leo hii. Baba yako anaipeleka kwa Dub sasa hivi, hujafika hata barabara kuu. Nakuapia kwa Mungu."

Shelby alimtazama, akataka kuamini, akapandisha kioo. Gari likaondoka.

Gaylon alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono imejaa moshi na mafuta. Hakuuliza. Aliingia ndani, akaiokota bastola na magazini na ile risasi ya sakafuni, akavifunga kwenye taulo la jikoni, akaviweka kwenye kiti cha pikapu. Verna alikuja akashika dirisha lake.

"Nenda nayo," alisema. "Na Gaylon, nikikuita, usisimame."

"Sitasimama."

"Hata nikipiga kelele. Hata nikilia. Unanisikia? Kanyaga mafuta."

"Nimekusikia, mpenzi. Sitasimama."

Akawasha. Verna alibaki kwenye majani, nyumba nyuma yake imefunguka milango yote miwili, kiuno chepesi. Alikuwa ameshika simu tayari, jina la Shelby limeshatokea kwenye kioo. Pikapu ikapita banda la kuku. Ikafika kwenye sanduku la barua, ikawasha taa ya kukata kushoto. Ng'ambo ya barabara jirani wetu, mzee Lyle, alikuwa anashuka kwenye trekta lake, ana kofia kichwani kama kila mwanamume wa Oklahoma.

Verna alijua ni Lyle. Amemjua miaka thelathini. Alijiuma mdomo, akahesabu mpaka nne, na kwenye tano jina likamtoka, kali, la mtu anayezama: "Gaylon!"

Gaylon Tackett amemuoa miaka thelathini na nne, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumsikia akiita hivyo akaendelea na safari. Mguu wake, aliniambia, haukumuuliza.

Taa nyekundu za nyuma zikawaka. Akakaa pale kwenye sanduku la barua muda mrefu, injini inanguruma, huku kule barabara kuu Shelby, nilikuja kusikia, ameegesha pembeni anambembeleza mtoto na kuitazama simu. Halafu Gaylon akatia gia ya nyuma na kurudi kinyumenyume mpaka mbele ya baraza, akamfungulia mlango wa upande lilipokuwa lile taulo.